Heshima kwa Weusi wa Bristol: nani anaitoa, na kwa faida ya nani?

Paul Stephenson alipofariki dunia Novemba 2024, akiwa na miaka 87, Bristol ilimlilia kama mwana wake wa kumzaa. Jiji hili la bandari, kusini magharibi mwa Uingereza, lilikuwa limeshamtunuku uhuru wa jiji, heshima kubwa kuliko zote ambazo halmashauri inaweza kumpa mtu, na hakuna Mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Mwaka 2009 alipewa nishani ya OBE. Baadaye kampuni ya reli ya Great Western Railway ikaandika jina lake kwenye treni. Na ni katika Bristol hiyo hiyo, mwaka 1964, polisi walipomkamata kwa kukataa kuondoka kwenye baa iliyogoma kumuuzia bia kwa sababu ya rangi yake. Mahakama iliitupa kesi.

Kati ya kutiwa pingu na kuliliwa imepita miaka sitini. Ndiyo maana mjadala wa kuwaenzi viongozi Weusi na Waasia wa Bristol una moto kuliko sherehe zenyewe. Jiji linapomvika maua mtu ambaye zamani lilimfungia milango, linalipa deni au linajisafisha? Pande zote mbili zina hoja nzito, ingawa kwangu hazina uzito sawa.

Turudi kwanza 1963. Kampuni ya mabasi ya jiji, Bristol Omnibus Company, ilikuwa na uhaba wa wafanyakazi, lakini iliweka mwiko: Weusi na Waasia waliweza kupata kazi karakana au kantini, ila si kuendesha basi wala kukata tiketi. Sheria ya Uingereza wakati huo haikuikataza kampuni kufanya hivyo. Stephenson alikuwa afisa wa vijana, mzaliwa wa Essex, mama yake Mwingereza na baba yake kutoka Afrika Magharibi. Alipiga simu kwenye kampuni, akahakikishiwa nafasi zipo, akamwombea usaili Guy Bailey, kijana wa miaka 18 kutoka Jamaika aliyekuwa akisoma masomo ya usiku. Bailey alifika kwa saa aliyopangiwa. Karani wa mapokezi akamwarifu meneja kwamba mwombaji amekuja, na kwamba ni Mweusi. Meneja, bila hata kutoka ofisini amwone uso, akajibu kwamba nafasi zimejaa.

Tarehe 30 Aprili ulianza mgomo wa kususia mabasi. Stephenson ndiye aliyekuwa msemaji, lakini waliouanzisha na kuubeba ni wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi: Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown. Watu wao waliacha kupanda basi, wakatembea kwa miguu. Hackett alipanga watu wakazuia mabasi barabarani Fishponds. Siku ya pili wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi kituo cha mabasi. Jambo linalouma zaidi katika kisa hiki ni chama cha wafanyakazi, TGWU, ambacho kilitakiwa kumtetea mnyonge. Tangu 1955 tawi lake la wafanyakazi wa mabasi ya abiria lilikuwa limepitisha azimio la kuwakataa wasio Wazungu kwenye mabasi.

Msomaji wa Afrika Mashariki apime tarehe hizo. Mgomo ukiwa umepamba moto, tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipata madaraka na Jomo Kenyatta akawa waziri mkuu. Mtu Mweusi aliweza kuongoza serikali Nairobi, lakini hakuweza kuwa kondakta Bristol.

Kampuni ilisalimu amri tarehe 28 Agosti, siku ile ile Martin Luther King alipohutubia umati Washington. Tarehe 17 Septemba mtu wa kwanza asiye Mzungu alivaa sare ya kondakta. Hakuwa Bailey. Alikuwa Raghbir Singh, Sikh kutoka India, na siku chache baadaye wakafuata Wajamaika wawili na Wapakistani wawili. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi, na ile ya 1968 ikaingiza ajira na nyumba. Mgomo wa Bristol unahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma nchi kufika huko.

Sasa hoja ya wanaotaka heshima hizi ziongezwe. Wanasema mji hufundisha watoto wake kwa vitu vilivyosimama hadharani, na Bristol ilifundisha somo la uongo kwa miaka 125. Mwaka 1895 ilimjengea sanamu Edward Colston, kigogo wa Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa Waafrika wapatao 84,000 katika miaka aliyoshiriki, na takriban 19,000 kati yao walikufa baharini. Bamba chini ya sanamu lilimsifu kuwa mmoja wa wana wa jiji wenye wema na hekima kuliko wote, wala halikuutaja utumwa. Ukumbi mkubwa wa muziki ulibeba jina lake, shule pia. Mtoto wa Kijamaika alipita chini ya sanamu ile akienda shule, na hakukuwa na kitu kingine pale kumwambia kwamba watu wa damu yake nao waliujenga mji huu. Kwa hoja hii, kumweka Hackett ukutani ni kurekebisha somo.

Naikubali hoja hii, na kinachonishawishi zaidi kipo mtaa wa St Pauls. Kwa miaka mingi jina la St Pauls liliwakumbusha Waingereza ghasia za Aprili 1980, zilizozuka polisi walipovamia mkahawa mmoja wa mtaani. Michele Curtis, msanii wa hapo hapo, alichora picha kubwa za watu saba waliohusika na kuanzisha tamasha la St Pauls, lililofanyika kwa mara ya kwanza 1968. Ni Owen Henry, Roy Hackett, Audley Evans, Carmen Beckford, Barbara Dettering, Dolores Campbell na Clifford Drummond. Zinaitwa Watakatifu Saba wa St Pauls. Hazikuwekwa makumbusho wala katikati ya mji. Zipo kwenye kuta za nyumba, zikitazama mitaa ambayo watu hao waliishi na kufanya kazi. Watatu ni wanawake, wakati simulizi za mgomo karibu zote ni za wanaume. Na Hackett aliiona picha yake akiwa hai. Alifariki 2022, akiwa na miaka 93. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na hapa aliyetuzwa alituzwa na watu wake, katika mtaa wake, macho yake yakishuhudia.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Hoja yao ya kwanza ni kwamba heshima ni rahisi na haki ni ghali. Mwaka 2017 ripoti ya Runnymede Trust, taasisi inayochunguza usawa wa rangi Uingereza, iliiweka Bristol nafasi ya 7 kwa ubaya wa tofauti kati ya Wazungu na wengine, kati ya wilaya 348 za Uingereza na Wales. Vipimo vyake vilikuwa elimu, ajira, afya na makazi. Huo ni mji uliokwisha kumpa Stephenson uhuru wa jiji na ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umemchagua Marvin Rees, meya wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi katika jiji kubwa la Ulaya. Wanauliza: bango la Stephenson limempatia kazi nani? Anayejibu kwamba mabango hayakukusudiwa kutoa kazi anasema kweli, lakini hajawajibu. Tatizo lao ni kwamba kiongozi akishapiga picha mbele ya bango, watu humwona kama amefanya kitu.

Hoja ya pili inahusu jina la nishani yenyewe. OBE ni nishani ya Dola ya Kiingereza, na dola hiyo ndiyo iliyowaleta babu zao Karibi wakiwa minyororoni. Mshairi Benjamin Zephaniah aliikataa hadharani mwaka 2003 kwa sababu hiyo. Wengine waliipokea, Stephenson miongoni mwao, na siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyekamatwa kwa bilauri ya bia ana haki ya kuamua mwenyewe akubali nini kutoka kwa nchi yake.

Ya tatu ndiyo inayonigusa: nani anachagua wa kuheshimiwa? Juni 7, 2020, waandamanaji waliing'oa sanamu ya Colston na kuitumbukiza bandarini. Mwezi uliofuata msanii maarufu wa London, Marc Quinn, ambaye ni Mzungu, alikuja alfajiri na kusimamisha juu ya nguzo ile sanamu ya Jen Reid, mwanamke Mweusi wa Bristol aliyepanda pale siku ya maandamano na kuinua ngumi. Halmashauri iliiondoa baada ya takriban saa 24. Walioipenda walikuwa wengi, na picha yake ilizunguka dunia nzima. Lakini meya Rees alishika msimamo kwamba watu wa Bristol ndio wa kuamua nini kikae pale, na baadhi ya wasanii Weusi walilalamika kwamba sauti yao imechukuliwa tena na mtu mwingine, safari hii kwa nia njema. Nadhani Rees alikuwa sahihi. Ukilinganisha sanamu ya Quinn na picha za Curtis utaona tofauti: Curtis aliwachora wazee waliojulikana mtaani kwa majina, na mtaa wenyewe ukazipokea picha kama zake.

Tena heshima hizi si salama kama zinavyodhaniwa. Mwandishi wa tamthilia Alfred Fagon, mzaliwa wa Jamaika aliyeishi St Pauls, alifariki ghafla 1986, na kwa kuwa polisi walisema hawakuweza kumtambua, maiti yake ilichomwa bila jina. Mwaka mmoja baadaye marafiki zake walimwekea sanamu ya kichwa na mabega kwenye kona ya barabara, ya kwanza ya mtu Mweusi katika jiji lote. Siku chache baada ya Colston kuanguka, mtu aliimwagia sanamu hiyo dawa ya kuunguza. Wanaosema kwamba sanamu ni jiwe tu wafikirie kwa nini kuna mtu aliona inafaa kuadhibiwa.

Sisi Waafrika Mashariki tusijione tuko nje ya jambo hili. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957. Kenya huru ilimsimamishia sanamu Nairobi mwaka 2007, nusu karne baadaye, na marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau yenyewe ilikuwa imeondolewa 2003 tu. Wakati sanamu inazinduliwa, wapiganaji wazee walikuwa bado wanadai ardhi. Mahesabu ya Bristol yanafanana: chama kilichorithi TGWU, kinachoitwa Unite, kiliomba radhi kwa azimio lile mwaka 2013, miaka 50 baada ya mgomo. Mamlaka hupenda kumwenzi mpinzani akishazeeka au akishakufa, asipoweza tena kuwasumbua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Heshima zitolewe, tena nyingi zaidi, lakini zisitaje shujaa bila kumtaja aliyempinga. Bristol ina funzo la hivi karibuni. Mwaka 2018 ilikubaliwa kuweka bamba la pili chini ya sanamu ya Colston lieleze biashara yake ya watumwa. Maneno yalibishaniwa, yakalainishwa na watu wenye uhusiano na matajiri wa jadi wa jiji, hadi Rees akayakataa 2019 kwa kuwa hayakusema ukweli wote. Bamba halikuwekwa, na mwaka uliofuata sanamu ikaishia majini. Hatari kama hiyo inalikabili kila bango linalosema kwamba Stephenson alipigania usawa kisha likaishia hapo. Alipigania usawa dhidi ya nani? Jina la kampuni liandikwe. Azimio la 1955 liandikwe, kwa tarehe yake. Wazungu wa Bristol wana haki ya kujua kwamba waliowazuia Weusi na Waasia hawakuwa majitu ya hadithini. Walikuwa madereva na makondakta, watu wa kawaida, waliopiga kura kwenye mkutano.

Na heshima isimchague mtu mmoja iwaache wengine gizani. Stephenson alistahili kila alichopewa, lakini mgomo ulikuwa wa watu wengi waliotembea kwenda kazini na kurudi kwa miezi minne. Hata jina la Raghbir Singh halitajwi sana. Waliopanga mgomo wapo ukutani, yumo mmoja kwenye treni, ila aliyepanda basi siku ile ya kwanza, akakata tiketi pamoja na wenzake ambao tawi lao lilikuwa limekwisha kuwakataa watu kama yeye miaka minane nyuma, karibu amesahaulika. Halmashauri ikitafuta mtu wa kumwenzi baada ya Stephenson, ianze na yeye, na ukuta unaofaa upo: ule wa kituo cha mabasi.