Mwakilishi Afanane Nasi, au Atuzidi?

Tarehe 25 Januari 1788 mjini Boston, wajumbe wa Massachusetts walikuwa wakibishana kama waikubali rasimu ya Katiba mpya ya Marekani au waikatae. Akasimama mzee kutoka Sutton, Amos Singletary. Alisema hawa mawakili, wasomi na wenye fedha, wenye ulimi laini wa kupamba mambo, wanatarajia kuingia Bungeni wao wenyewe. Wakishaingia watashika mamlaka yote na fedha zote, kisha watatumeza sisi watu wadogo kama nyangumi alivyommeza Yona.

Aliyesimama kumjibu hakuwa wakili wala tajiri. Alikuwa Jonathan Smith, mkulima wa Lanesborough, upande wa magharibi wa jimbo hilohilo. Mimi ni mtu wa kawaida, alisema, riziki yangu naipata shambani. Kisha akawakumbusha majira ya baridi yaliyopita, wakulima waliolemewa na madeni na kodi walipochukua silaha katika uasi unaoitwa kwa jina la Daniel Shays, na mahakama zikafungwa kwa nguvu. Ukitaka kusema nao, alisema, unaelekezewa bunduki kifuani. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba angetokea yeyote wa kutulinda tungemkimbilia, hata kama ni mfalme, na mfalme huyo angeweza kutugeukia akawa dhalimu. Nilipoipata Katiba hii, aliendelea, niliisoma tena na tena, wala sikwenda kwa wakili kuulizia maana yake, kwa kuwa mjini kwetu hatuna wakili. Akamwonyesha Singletary kwa kidole: mzee wangu yule asidhani nautafuta ubunge ili nimeze uhuru wa watu. Hao wasomi na wenye fedha tuko nao chombo kimoja, kikizama tunazama wote.

Nimeanza na hawa wawili kwa sababu mjadala huu huwa unasimuliwa kupitia majina makubwa tu, mtu akadhani ulikuwa ugomvi wa wasomi na wasiosoma. Haukuwa hivyo. Watu wawili wa kawaida wa jimbo moja, mmoja anaogopa walio juu na mwingine anaogopa vurugu za walio chini. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli.

Rasimu yenyewe ilikuwa imeandikwa Philadelphia kati ya Mei na Septemba 1787. Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati tofauti, 39 wakatia sahihi, na ilihitaji kuridhiwa na majimbo 9 kati ya 13 ili ianze kazi. Waliounga mkono walijiita Wanashirikisho, na wapinzani wakabandikwa jina la Wapinga Shirikisho. Majina haya yanapotosha. Anayekumbuka mabishano ya vyama vya KADU na KANU kuhusu majimbo karibu na uhuru wa Kenya atadhani Wanashirikisho ndio waliotaka nguvu zibaki majimboni. Kumbe wao ndio waliotaka serikali kuu iliyo imara, na wapinzani wao ndio waliotaka shirikisho jepesi la majimbo yenye kujitawala.

Swali la kwanza lilikuwa ukubwa wa nchi. Mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la Brutus, katika makala zilizotoka New York kuanzia Oktoba 1787, alishikilia hoja ya Mfaransa Montesquieu kwamba jamhuri hustawi katika eneo dogo. Katika nchi pana, alisema, watu wana desturi na maslahi yanayopingana, wawakilishi hawawezi kuyajua yote, na wananchi hawatawafahamu wale wanaowatungia sheria. Wasipowafahamu hawatawaamini, na serikali isiyoaminiwa italazimika kutekeleza sheria zake kwa jeshi.

James Madison alimjibu tarehe 22 Novemba 1787, katika makala ya 10 kati ya zile 85 alizoandika pamoja na Alexander Hamilton na John Jay. Hoja ilikuwa maarufu, naye akaipindua kabisa. Udogo ndio hatari, alisema. Katika eneo dogo ni rahisi kundi moja kuwa wengi, likaungana na kuwakandamiza wachache. Panua nchi, na makundi yatakuwa mengi kiasi kwamba hakuna hata moja litakaloweza kuwatawala wengine peke yake. Zaidi ya hapo, wapiga kura wakiwa wengi katika kila eneo la uchaguzi, itakuwa vigumu kwa mtu asiyefaa kupita kwa hila ndogondogo. Watachaguliwa watu wenye busara, nao watayachuja maoni ya umma yakatoka safi zaidi.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naiona ina nguvu mpaka leo. Sehemu ya pili ndiyo inayonitia shaka, na aliyeieleza shaka hiyo vizuri kuliko wote ni Melancton Smith wa New York, si yule mkulima Jonathan.

Smith alikuwa mfanyabiashara, na aliwahi kuwa mkuu wa polisi wa wilaya ya Dutchess. Juni 1788, katika jengo la mahakama mjini Poughkeepsie, New York ilipokuwa ikijadili kama iiridhie Katiba, alisimama kukabiliana na Hamilton ana kwa ana. Baraza la Wawakilishi la kwanza lingekuwa na watu 65 kwa nchi nzima. Piga hesabu: akidi ni 33, na 17 kati yao wangetosha kupitisha jambo. Smith aliuliza, katika uchaguzi wenye watu maelfu kwa maelfu, nani atashinda? Atashinda yule ambaye jina lake tayari linajulikana: mwanajeshi mwenye sifa, wakili hodari, mtoto wa ukoo mkubwa. Wakubwa hukutana na kupatana kwa urahisi, lakini mkulima wa hali ya kati hana mtandao huo, hata awe na akili kiasi gani.

Kwake mwakilishi ni sura ya watu wenyewe. Anajua hali zao, anaumia wanapoumia. Hakusema wasomi wasiingie. Alisema wasiwe peke yao, kwa kuwa kutunga sheria ya kodi kunahitaji zaidi ya elimu ya biashara ya kimataifa. Kunahitaji mtu aliyewahi kuhesabu senti kabla ya mtoza kodi kugonga mlango. Waswahili tulishalisema hilo: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na dawa aliyopendekeza ilikuwa ya vitendo: mwakilishi mmoja kwa kila watu 20,000, mpaka wawakilishi wafike 300.

Hamilton alimjibu kwamba wema haujakaa upande wa tabaka moja. Tajiri ana maovu yake, maskini ana yake, na maovu ya matajiri huenda yakaidhuru nchi kidogo zaidi. Katika makala zake alikuwa ameshadai kwamba fundi atampigia kura mfanyabiashara kwa hiari yake, kwa kuwa mfanyabiashara ndiye mtetezi wake wa asili. Hapa, kwa maoni yangu, Hamilton hakuligusa swali. Smith hakudai kwamba maskini ni malaika. Alisema kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kwa kuhadithiwa.

Hata hivyo siwezi kumpa Smith na wenzake ushindi wote, na sababu yangu ni nzito. Wapinga Shirikisho waliamini kwamba serikali iliyo karibu ndiyo salama. Waulize Wamarekani weusi. Katika majimbo ya Kusini, kwa miongo mingi baada ya utumwa kukomeshwa, aliyewanyang'anya kura hakuwa mtawala wa mbali. Alikuwa karani wa mji wao, sherifu wao, bunge la jimbo lao: wengi wa mahali pale wakiwakandamiza wachache, kama Madison alivyoonya. Msaada ulitoka mbali, kwa askari wa serikali kuu waliopelekwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1957 kuwalinda wanafunzi weusi, na kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965.

Lakini Wanashirikisho nao wasijivunie hapo. Katiba waliyoitetea ilihesabu watumwa kwa sehemu tatu kati ya tano, katika kugawa viti, ili mabwana wao wapate wawakilishi zaidi, ilhali watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Brutus aliukemea utaratibu huo waziwazi. Na upande wa pili, Patrick Henry na George Mason, waliopinga Katiba kwa jina la uhuru, walimiliki watumwa. Neno "watu" katika vinywa vya pande zote mbili lilikuwa limewaacha nje watu wengi mno, wanawake wakiwemo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kuhusu idadi ya wawakilishi pande hizi hazikutofautiana sana kama tunavyodhani. Siku ya mwisho pale Philadelphia, tarehe 17 Septemba 1787, ilipendekezwa kiwango cha mwakilishi mmoja kwa watu 40,000 kishushwe hadi 30,000. George Washington, aliyeongoza mkutano huo karibu bila kuchangia hoja, aliinuka na kuunga mkono, akisema udogo wa idadi ile ulimsumbua. Likapita bila kupingwa. Madison naye aliwatuliza wapinzani katika makala ya 55 kwa kuwahakikishia kwamba Baraza litakua: watu 200 baada ya miaka 25, na 400 baada ya miaka 50.

Lilikua kwa muda, kisha likasimama. Baraza lilifika viti 435 mwaka 1913, na sheria ya 1929 ikaifunga idadi hiyo. Kwa sensa ya 2020, kila mwakilishi anabeba watu wapatao 761,000. Madison mwenyewe alikiri katika ile makala ya 10 kwamba ukizidisha wapiga kura, mwakilishi atakuwa mgeni wa hali za watu wake. Kwa hiyo anayetaka leo viti viongezwe hamsaliti Madison. Anamdai ahadi yake. Mimi ningeviongeza, hata kama Baraza litakuwa na kelele zaidi.

Tarehe 26 Julai 1788 New York iliridhia kwa kura 30 dhidi ya 27. Kufikia hapo majimbo 10 yalikuwa yameshakubali, na Smith mwenyewe alipiga kura ya ndiyo, marekebisho yakiwa yamependekezwa. Mwaka uliofuata Bunge liliyapelekea majimbo marekebisho 12. Yaliyoridhiwa mwaka 1791 ni 10, yale tunayoyaita Sheria ya Haki. Lililotangulia katika orodha ile ya 12, kabla ya uhuru wa dini na wa kusema, lilihusu idadi ya wawakilishi. Halikupata majimbo ya kutosha. Bunge halikuliwekea muda wa mwisho, kwa hiyo mpaka leo bado liko mbele ya majimbo, halijapitishwa wala halijafutwa.