Nauli ya Mwanafunzi Anailipa Nani?

Asubuhi za siku za shule, pale Kwa Mrombo, kuna jambo ambalo wazazi wengi wa Arusha wamelizoea kiasi cha kutoliona tena. Hiace inafika kituoni, konda anafungua mlango nusu, anawatazama waliosimama, kisha anasema "wawili tu", na kila mtoto mwenye sare anaelewa kwamba wawili hao ni wanafunzi, si abiria kwa jumla. Waliobaki wanarudi nyuma bila kubishana. Mwanangu alipokuwa darasa la sita alinieleza kwamba ujanja ni kusimama karibu na mama mwenye mzigo, ili konda adhani mko pamoja. Siku ile nilicheka.

Kwa muda mrefu lawama zangu zote zilikuwa kwa konda, mpaka nilipokaa na dereva mmoja jirani yangu tukapiga hesabu. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima hulipa Sh600 kwa safari ya mjini isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi Sh200. Tofauti hiyo ya Sh400 ni ruzuku, na ni ruzuku njema ambayo sitaki kusikia mtu akipendekeza iondolewe. Tatizo ni kwamba Serikali imeitangaza bila kuitengea kasma, yaani fungu la bajeti, na hivyo anayeilipa ni yule aliyeshika usukani na mwenzake wa mlangoni. Wanafunzi kumi katika tripu moja ni Sh4,000 pungufu. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, mafuta yamekwisha kulipiwa, na ushuru wa stendi umekwisha kukatwa. Tumemgeuza konda kuwa ofisa wa ustawi wa jamii asiye na mshahara, halafu tunashangaa anapoitoroka kazi hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli, ambayo hutolewa kwa uzito sana katika mikutano, kwamba halmashauri za miji yetu hazina uwezo wa kugharimia usafiri wa umma. Usafiri huo unagharimiwa tayari, ila kimyakimya, na kwa fedha za watu wasiostahili kuubeba mzigo wote. Tazama pia mikopo ya asilimia 10. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka uliofuata, na kila mara vikundi vya vijana vinapoulizwa vinataka nini, jibu la wengi ni bodaboda au bajaji. Pikipiki moja ikikopeshwa, huo ni mradi wa kikundi. Zikikopeshwa nyingi, mwaka baada ya mwaka, hiyo ni sera ya usafiri, hata kama hakuna diwani aliyewahi kuipigia kura kwa jina hilo. Sina ugomvi na vijana wa bodaboda, maana wao ndio wanaotufikisha nyumbani Muriet na Moshono usiku ambapo vifodi, yaani daladala zetu, vimekatisha ruti. Nasema tu kwamba fedha za umma zimekwisha kuchagua upande, na uchaguzi huo haukujadiliwa.

Tukiuliza ni nani anapaswa kuujadili, jibu limegawanyika vipande. Ruti na nauli ni za LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA. Barabara za mitaa, zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, zilihamia kwa wakala wa Serikali, TARURA, mwaka 2017, na barabara kuu ni za TANROADS. Makosa ya barabarani ni ya polisi. Jiji limebaki na stendi na mashine ya kukusanyia ushuru, yaani limebaki na mahali ambapo gari linasimama, lakini halina sauti juu ya linakokwenda, linaondoka saa ngapi na linarudi au halirudi. Wakati huohuo watu wameongezeka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 416,442 katika Jiji la Arusha, ile ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631, na wengi wa hao walioongezeka hawakupata kiwanja karibu na Mnara wa Saa. Sasa kuna uwanja wa mpira wa watu 30,000 huko Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027. Tumezungumza sana kuhusu nyasi zake. Sijasikia tukizungumza kwa kiasi hichohicho kuhusu namna watu 30,000 watakavyorudi nyumbani saa nne usiku.

Sipendekezi Jiji linunue mabasi. Tuliokuwa watu wazima wakati wa UDA, shirika la umma la mabasi lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1974, tunakumbuka kwamba kufikia mwaka 1983 Serikali ililazimika kuwaruhusu watu binafsi waingie barabarani, na hapo ndipo daladala zilipopata uhalali wake. Wala sioni Arusha ikihitaji leo mabasi ya mwendokasi kama ya Dar es Salaam, ambayo Wakala wake uliundwa mwaka 2007 na abiria wakaanza kuyapanda mwaka 2016. Njia maalumu zilijengwa vizuri, lakini abiria wa Kimara wanajua kwamba njia bila magari ya kutosha ni foleni ya kusimama chini ya paa.

Kinachonivutia ni utaratibu wa kununua huduma badala ya kununua magari. Huko London mabasi mengi ni mali ya kampuni binafsi, lakini ruti, ratiba na nauli hupangwa na mamlaka ya jiji, ambayo huzilipa kampuni kwa mkataba. Dereva hana sababu ya kumkimbia mtoto wa shule, kwa kuwa mapato ya tajiri wake hayategemei nani amepanda. Ufaransa nayo ilianzisha mwaka 1971, kwanza kwa eneo la Paris, tozo inayolipwa na waajiri kwa ajili ya usafiri wa umma, kwa hoja rahisi kwamba mwenye kiwanda hunufaika mfanyakazi anapofika kazini. Karibu nasi zaidi, Kigali iligawa mji katika kanda mwaka 2013 na kuzikabidhi kwa watoa huduma wachache waliopatikana kwa zabuni. Hata hivyo Rwanda inatufundisha tahadhari pia: ruzuku ya nauli iliyoanza mwaka 2020 wakati wa Uviko-19 ilitoka serikali kuu, na ilipositishwa Machi 2024 nauli zilipanda. Ruzuku isiyo na chanzo chake maalumu inategemea huruma ya bajeti ya mwaka husika.

Chanzo sisi tunacho. Makampuni ya hapa hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwenye mauzo yao, na mji wenye hoteli, ofisi za utalii na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki si mji wa kulia umaskini mbele ya watoto wake. Fungu dogo la ushuru huo, likiunganishwa na ushuru wa stendi ambao daladala zenyewe hulipa, liwekwe katika kasma moja yenye jina, isiyochotwa kwa ajili ya samani na safari za mafunzo. Kazi yake ya kwanza iwe kulipia tripu za wanafunzi asubuhi na mchana, na ya pili kulipia tripu za mwisho za usiku kwenye ruti ambazo magari huzikatisha.

Nasisitiza malipo yawe kwa tripu iliyokamilika mpaka mwisho wa ruti, si kwa idadi ya vichwa vya wanafunzi. Vichwa vinahesabika kwa maneno tu, na mwezi wa kwanza wa malipo hayo tutakuwa na wanafunzi wengi kuliko waliosajiliwa mkoa mzima. Gari lililofika Kwa Mrombo, kinyume chake, linaonwa na kila mtu aliyesimama pale. LATRA itapaswa kukubali, bila shaka, lakini kukasimu si jambo geni: halmashauri zimewahi kukabidhiwa kazi ya kutoa leseni za bodaboda na bajaji kwa niaba ya mdhibiti.

Nilitoa hoja hii katika mkutano wetu wa mtaa wakati wa kukusanya vipaumbele vya bajeti. Mwenyekiti, mtu mwungwana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba masuala ya daladala si ya halmashauri. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye aliwahi kuwa na kifodi chake, akanyoosha mkono akauliza kama risiti za stendi alizolipa miaka yote ile zilikuwa na nembo ya nani. Hoja yangu iliandikwa kwenye muhtasari, namba saba, baada ya taa za barabarani.