Jeni za joto za inzi zinatufaa nini huku Kusini?
Msimu wa korosho, penye ndoo ya uraka Mtwara hapakosi vinzi. Maabara zimechunguza jamaa zao, inzi wa matunda aitwaye Drosophila, kwa zaidi ya miaka 100. Wanaohoji kijana wa hapa ahangaike na ramani ya jeni zao ya nini, wakati ubwiriunga unatesa mikorosho na funza wanaozesha maembe, wana hoja.

Ramani yenyewe inavutia. Katika tezi za mate za buu, kromosomu hujinakili tena na tena bila kuachana, zikanenepa hadi michirizi yake ikaonekana kwa hadubini. Mwaka 1935 Calvin Bridges aliigawa katika sehemu 102. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa wa Italia akaripoti kwamba tezi hizo zikipata joto, sehemu chache za kromosomu huvimba ndani ya dakika chache tu. Mwaka 1974 kundi la Alfred Tissières likaonyesha protini zinazotengenezwa wakati huo, na baadaye jeni zikapata anwani: jeni ya Hsp70, mojawapo ya protini hizo za joto, iko sehemu za 87A na 87C, na za protini ndogo ziko 67B. Kituko ni 93D: inavimba kweli, lakini inatoa RNA (nakala ya jeni) isiyounda protini.

Protini za jamii ya Hsp70 zipo hata kwenye mimea na bakteria, zikizuia protini nyingine zisigandane kwenye joto. Kwa hiyo mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, anayeshangaa mche mmoja kustahimili jua kuliko mwenzake ana pa kuanzia. Ila mashabiki wa inzi hukimbilia kusema tafuta jeni, iongeze, kazi imekwisha. Inzi mwenyewe anakataa: seli zake zikilazimishwa kutengeneza Hsp70 bila joto, ukuaji hudorora. Isitoshe, inzi hupata kizazi kipya kwa siku kama 10. Mkorosho utakusubirisha miaka.

Mimi sioni haja ya kuchora upya ramani hiyo Mtwara; jenomu nzima ya inzi huyo, yaani mpangilio wote wa vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2000. Ningemtuma kijana kwenye inzi waharibifu wa maembe. Maembe ya kuuzwa nje huweza kutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi kama 46 ili funza wafe. Lakini funza aliyeonja joto la wastani kwanza huwa ameshaanza kutengeneza protini hizo, na huweza kuvumilia zaidi. Embe lililoshinda juani Lindi kabla ya kutumbukizwa linahitaji dakika ngapi za ziada? Hapo ndipo ningeweka fedha za utafiti.