Glorfindel Hana Udhuru

Katika daftari la kumbukumbu la kikundi chetu cha wapenzi wa riwaya za kifantasia mna mstari mmoja ambao nimemsihi katibu aufute mara kadhaa, naye kila mara hunijibu kwamba kumbukumbu zikishathibitishwa hazifutwi. Mstari wenyewe unasema: "Glorfindel: hayupo, hana udhuru." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, nikiwa mwenyekiti wa muda, mbele ya watu 18 waliokuwa wamekusanyika kuijadili filamu ya katuni ya The Lord of the Rings, ile iliyoongozwa na Ralph Bakshi mwaka 1978.

Ili ieleweke nilifikaje hapo, inanipasa kukiri jambo nililokuwa nimelificha kwa mwaka mzima na ushei: riwaya yenyewe sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeianza, tena mara tatu. J.R.R. Tolkien aliichapisha kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955, na juzuu zote tatu ninazo, nimezipanga rafuni mahali ambapo mgeni akiketi tu macho yake hayana pengine pa kwenda. Kila nilipoanza nilikwenda vizuri hadi sura ya 7 ya juzuu ya kwanza, nyumbani kwa Tom Bombadil, yule bwana wa koti la buluu na buti za manjano ambaye akizungumza utadhani anaimba, na akianza kuimba hasa hakuna wa kumnyamazisha. Mara zote tatu usingizi ulinikutia hapo hapo. Risiti niliyopewa siku niliyonunua vitabu, ambayo ndiyo iliyokuwa alama yangu ya ukurasa, ilikaa kwa Bombadil muda mrefu hata wino wake ukahamia kwenye karatasi ya kitabu, na hadi leo bei inasomeka kinyumenyume katikati ya wimbo.

Kikundini nilidumu kwa sababu mtu anayetikisa kichwa polepole hudhaniwa kuwa anajua. Nilikuwa na sentensi moja tu, "Inategemea unaisoma vipi," na sentensi hiyo ilinivusha salama katika mijadala ambayo hadi sasa sijui ilihusu nini. Ikafika mahali watu wakaanza kusema kwamba mimi ni mtu wa maneno machache lakini mazito. Basi mwenyekiti wetu alipopata safari ya ghafla, siku mbili kabla ya kikao, wanachama walikubaliana kwa kauli moja kwamba mwenye maneno mazito ndiye aongoze mjadala na afunge kwa mada yake mwenyewe.

Juzuu tatu hazisomeki kwa siku mbili, walau si kwa mtu ambaye sura moja imemshinda mara tatu. Lakini filamu yenyewe ina urefu wa saa mbili na dakika chache. Nikaona kweli Mungu si Athumani: ningeitazama filamu usiku mmoja, ningeijua hadithi yote, na asubuhi ningeamka msomi.

Nilianza saa sita usiku. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari, ila baada ya muda nilianza kuishuku televisheni yangu. Watu walikuwa katuni, kisha wakawa nusu katuni, kisha maorki, yale majitu ya jeshi la giza, walipotokea wakawa kama watu wa kweli waliovalishwa vinyago na kumwagiwa rangi nyekundu, wakitembea nyuma ya moshi. Niliinuka mara tatu kurekebisha rangi, na mara ya nne nikaipiga televisheni kofi la ubavuni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Bakshi aliwapiga picha waigizaji halisi, kisha wachoraji wakachora juu yao fremu baada ya fremu, na katika mandhari ya vita sehemu kubwa ya picha hizo iliachwa karibu kama ilivyo, ikapakwa rangi tu. Televisheni haikuwa na kosa lolote, na tangu kofi lile ina mstari mwembamba wa kijani upande wa kushoto.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mwisho. Frodo, aliyekabidhiwa pete ya uovu akaiharibu, na mwenzake Sam wanamfuata Gollum, kiumbe anayewaongoza njia, na pete bado iko kwa Frodo. Kwingineko ngome ya Helm's Deep imezingirwa, mchawi Gandalf anawasili na wapanda farasi, maorki wanafyekwa, Gandalf anaurusha upanga wake hewani, na msimulizi anatangaza kwamba nguvu za giza zimefukuzwa daima. Kisha majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupita. Niliyasoma yote nikidhani baada yake hadithi itaendelea. Nikaitoa diski, nikaipuliza, nikaifuta kwa kanzu niliyokuwa nimeivaa, nikairudisha. Ikaisha pale pale. Niliangalia ndani ya kasha iwapo kuna diski ya pili, nikakuta kipande cha sponji.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza imekuwaje hadithi ya kuiharibu pete iishe pete ikiwa nzima mfukoni. Mimi nilijiuliza swali hilo kwa dakika tano hivi, kisha nikapata jibu ambalo lilinisisimua hata nikashindwa kulala: mwandishi alikusudia. Pete haikuharibiwa kwa sababu mzigo wa mwanadamu hauharibiki! Nikachukua kalamu, na kufikia alfajiri nilikuwa na kurasa nne zenye kichwa "Pete Isiyofika: Falsafa ya Safari Isiyo na Mwisho."

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama ambaye ameisoma riwaya ile mara nyingi hata vitabu vyake vimeshonwa upya kwa uzi. Mjukuu wake wa miaka 12 alikuwa amekaa miguuni pake. Ni desturi ya kikundi chetu kwamba baadhi ya wanachama huitana kwa majina ya wahusika, na jambo hili naomba msomaji alikumbuke, kwa kuwa ndilo utetezi wangu pekee.

Mjadala ulianza kwa mavazi, kama ilivyo kawaida filamu hiyo ikitajwa. Wapo waliolalamika kwamba Boromir amevishwa kofia yenye pembe kama Mviking aliyepotea njia, na wapo waliotaka kujua ni kwa nini Aragorn, mrithi wa ufalme, anavuka milima na theluji bila suruali. Kijana mmoja akatueleza kwamba sauti ya Legolas ni ya Anthony Daniels, yule yule aliyekuwa ndani ya roboti la dhahabu la Star Wars mwaka mmoja kabla, na kwamba tangu alipojua hivyo hawezi tena kumtazama Legolas bila kusubiri agonge chuma mahali. Nilikuwa nafurahia uenyekiti.

Kisha Mwalimu akataja usaliti wa mchawi Saruman. Nilikumbuka vizuri kwamba usiku nilikuwa nimesikia jina jingine. Nikamkatiza kwa adabu zote.

"Samahani, Mwalimu. Ni Aruman. Hiyo S si ya kwake."

Sebule nzima iliangua kicheko, na Mwalimu mwenyewe alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sikujua kwamba watengenezaji wa filamu walihofia watazamaji wangemchanganya Saruman na Sauron, yule bwana wa giza, wakaiondoa herufi ya kwanza, kisha katika baadhi ya mandhari wakasahau kuiondoa, hivyo mchawi huyo anaitwa hivi hapa na vile pale. Wenzangu walidhani naidhihaki filamu. Nami nilipoona wanacheka, nilicheka.

Baada ya hapo wakaingia katika mgogoro ambao, nilivyokuja kugundua, umewagawa wasomaji wa Tolkien kwa miaka mingi: je, Balrog, lile jini la moto linalopambana na Gandalf darajani, lina mabawa? Katika filamu linayo, tena makubwa. Kitabuni mwandishi anasema kwanza kwamba kivuli kililizunguka kikatanda kama mabawa mawili, kisha mistari michache mbele anasema mabawa yake yalienea kutoka ukuta hadi ukuta, na watu hawakubaliani kama hayo ya pili ni mabawa kweli au ni kivuli kile kile. Upande mmoja ulisoma kifungu kwa sauti. Upande wa pili ukakisoma kifungu hicho hicho kwa sauti kubwa zaidi. Fundi mmoja mpole, ambaye sikuwahi kumwona akiinuka kitini, aliinuka na kuuliza kwamba kama lina mabawa, mbona lilitumbukia shimoni kama gunia? Zilipita dakika 40, na mwishowe wakanigeukia mwenyekiti nitoe uamuzi.

"Mabawa linayo," nikasema. "Ila halikufundishwa kuruka."

Nilipigiwa makofi. Hapo ndipo kiburi kilipoingia, na mtu mwenye kiburi haulizi tena swali kabla ya kujibu.

Likaja suala la yaliyoachwa nje ya filamu. Wakamtaja Tom Bombadil, nami nikaona nyota yangu imewaka, kwa kuwa huyu nilikuwa nimeishi naye miaka. Niliwaeleza kuhusu buti, nikawaeleza kuhusu koti, nikawaimbia beti mbili kwa kichwa, nikawasifia mkate wake, siagi yake na asali yake, na nilikuwa naanza kuyachambua maua ya majini anayomletea mkewe Goldberry wakati katibu alipoinua kidole.

"Ahsante, Mwenyekiti. Na Glorfindel je? Mbona hayupo?"

Nikatazama orodha ya mahudhurio iliyokuwa mbele yangu. Kulikuwa na Gimli aliyetuma ujumbe kuwa anaumwa jino, na Éowyn aliyesafiri. Glorfindel sikumwona. Nikakunja uso kama afanyavyo mwenyekiti yeyote mwenye kuchoshwa na utoro.

"Hajaniambia chochote," nikasema. "Mwandike hayupo, hana udhuru. Tena hii tabia ikome."

Walicheka hadi mmoja akaomba maji. Glorfindel, kwa wasiomjua kama nilivyokuwa mimi, ni bwana wa Kielfi ambaye kitabuni ndiye anayetumwa kutoka Rivendell, makao ya Waelfi, kumtafuta Frodo aliyejeruhiwa, na Bakshi alimwondoa akampa Legolas kazi hiyo. Katibu aliandika maneno yangu neno kwa neno akiamini kuwa ni mzaha wa mwaka.

Kama ningefunga kikao pale pale, leo ningekuwa mwenyekiti wa kudumu. Lakini nilikuwa na kurasa zangu nne mfukoni.

Nilizisoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa kwanza walitabasamu, wakingoja kichekesho. Ukurasa wa pili tabasamu zilianza kuchoka. Nilipofika kwenye maneno "na ndiyo maana mwandishi, kwa hekima yake, aliiacha pete mkononi mwa Frodo milele," nilisikia kikombe kikiwekwa mezani kwa uangalifu mkubwa. Kimya hicho nilikitafsiri kuwa ni heshima, nikaongeza sauti.

Mjukuu wa Mwalimu ndiye aliyeinua mkono.

"Mjomba, na ule mlima?"

"Mlima gani, mwanangu?"

"Mlima wa moto. Pale pete inapotupwa."

Nilimtazama kwa huruma. "Ule mlima, mwanangu, ni wa moyoni. Mtu huuendea wala haufikii."

Mtoto alimgeukia bibi yake, kisha akanirudia mimi, na kwa upole ambao watoto huutumia wanapomweleza mzee kwamba amevaa shati kinyume, akaniuliza: "Mjomba, juzuu ya tatu unayo?"

Mwalimu alijaribu kuniokoa. Alisema kwamba bila shaka mwenyekiti anazungumzia filamu peke yake, na kwamba si kosa la mtazamaji, kwani Bakshi alitaka jina la filamu lioneshe wazi kuwa ni sehemu ya kwanza, wasambazaji wakakataa kwa hofu kwamba watu hawatalipia nusu ya filamu, na sehemu ya pili haikutengenezwa kamwe. Hata mwaka 1978, alisema, watazamaji walitoka ukumbini wakiulizana hadithi imeishia wapi. Ulikuwa mlango mpana, na mtu mwingine yeyote angepita. Mimi nilisema: "Kumbe ni nusu?"

Sitaeleza dakika zilizofuata. Itoshe kusema kwamba mmoja baada ya mwingine walianza kuyakumbuka maneno yangu ya mwaka mzima, na kila mtu alikuwa na mahali pake ambapo nilimjibu kwamba inategemea anaisoma vipi. Yule fundi mpole aliniuliza kwa sauti ya chini kama na lile la Balrog kutofundishwa kuruka nililitoa kwa uzito. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa polepole, kama nilivyokuwa nikitikisa mimi.

Hawakunifukuza. Adhabu yao ilikuwa kwamba tangu siku hiyo katibu, akimaliza kuita majina kila mwanzo wa kikao, huongeza kwa sauti kavu, "Glorfindel?" na macho 36 hunigeukia, nami hulazimika kujibu, "Hayupo, hana udhuru." Mjukuu wa Mwalimu huja baada ya hapo kuniuliza nimefika sura ya ngapi, na hadanganyiki, kwa sababu hufuatisha na maswali.

Niligundua jambo lililoniuma. Glorfindel anatokea sura ya 12. Kutoka pale risiti yangu ilipokuwa imelala ni sura tano tu.

Jumamosi iliyopita katibu alipomaliza orodha na kuliita jina lile, wote walikuwa wameshaanza kutabasamu. Nilisimama, nikajifunga kifungo cha koti, na kuomba radhi kwa niaba ya mwanachama huyo kwa kuchelewa kwake. Niliwaarifu kwamba amefika jana usiku, kama saa nne hivi, akiwa juu ya farasi mweupe.