Anaeangalia moto msimtume chai

Mimi nasema wazi, kwenye kazi ya kuchomea melini mtu muhimu si fundi. Fundi kavaa miwani nyeusi, macho yake yote yako kwenye ile ncha ya moto, pembeni hata gunia likiwaka hajui. Muhimu ni yule kijana anaewekwa pale na mtungi wa kuzimia moto na mpira wa maji, ambae huku kwetu ndo analipwa kidogo kuliko wote na ndo huyo huyo anaeambiwa "dogo hebu fika Darajani mara moja kaniletee brashi na kikebe cha rangi". Nazunguka na vyombo vya hapa Malindi, Unguja, na vya kule Mkoani, Pemba, muda sasa, na hili nimeliona mpaka watu wanalicheka.

Tatizo wengi wanaamini moto utaanza pale pale fundi anapochomea. Mara nyingi unaanza upande wa pili wa bati, chumba ambacho hakuna mtu. Oktoba 2002 meli ya abiria Diamond Princess ilikua inajengwa Nagasaki, yadi ya Mitsubishi, fundi yuko chini anachomea kwenye dari, joto likapanda kupitia chuma likawasha vitu vilivyokuwepo chumba cha juu. Meli kubwa vile, mpya haijabeba hata abiria mmoja, ikaungua vibaya mpaka jina lake likapewa meli ndugu yake iliyokua inajengwa, na hii iliyoungua ikaja kumaliziwa kama Sapphire Princess. Na hao ni Wajapani, watu tunaowasifia kwa nidhamu kila tukikaa barazani.

Kuna nyengine ya zamani ambayo Mpemba yeyote ataielewa haraka. Normandie, meli ya Kifaransa, New York, tarehe 9 Februari 1942, Wamarekani wanaigeuza iwe ya kubeba wanajeshi. Mle ndani wamerundika makoti ya kuokolea yaliyojazwa sufi, ndiyo, sufi hii hii ya kujazia mito na magodoro, tena yamefungwa magunia. Watu wanakata nguzo ya chuma kwa gesi, cheche zikaingia kwenye rundo. Sufi unaijua ikishika moto, huwahi. Zimamoto wa mjini walipofika mipira yao ikawa haiingiliani na koki za meli maana zilikua za Kifaransa, halafu wakamwaga maji mengi kutoka nje mpaka usiku ule meli ikalala ubavu pale pale gatini. Sasa jiulize boti zetu za mizigo za kwenda Wete zinapakia nini: magodoro, makumbi, madumu ya mafuta. Na mtu anakuja na grainda huku mzigo uko ndani!

Halafu hizi boti za mwendo kasi nyingi ni alumini, na hapa ndo mafundi waliozoea chuma wanajidanganya. Chuma kikipata moto sana kinakua chekundu, unakiona unaondoka. Alumini haibadiliki rangi, inayeyuka kwenye digrii 660 hivi bado nyeupe vile vile, na joto inalipitisha haraka kuliko chuma. Unachomea hapa, sponji ya kiti upande wa pili inaanza kutoa moshi na wewe unaona bati liko salama.

Kwahiyo mlinzi mmoja hatoshi. Mmoja akae na fundi, mwengine nyuma ya bati, na kama kuna chumba juu basi na juu. Na wasiondoke kazi ikiisha, kwa sababu kitambaa cha mafuta kinaweza kufukuta muda mrefu ndo kiwake, fundi kashafika nyumbani anakula. Wamarekani wa NFPA, shirika lao la kanuni za kujikinga na moto, zamani walisema mlinzi abaki nusu saa, toleo la 2019 wakapandisha mpaka saa 1 nzima. Huku kwetu grainda ikizimwa tu watu wote wanapanda juu, yakhe, hata mtungi unaachwa chini.

Najua jibu la matajiri, boti inaondoka asubuhi, abiria washakata tiketi. Sawa, lakini mshahara wa vijana wawili kukaa saa 1 zaidi ni kitu gani mbele ya bei ya boti? Mafuta ya kuwashia injini tu ni zaidi ya hapo.

Kibali cha kazi nacho kisiandikwe mezani. IMO, shirika la dunia la mambo ya meli, walitoa miongozo yao ya kazi za moto kama kuchomea na kukata tangu 2003, inajulikana, ila mimi nishaona kibali kimesainiwa asubuhi kwa kazi ya jioni, kipimo cha gesi kiko kwenye droo hakina betri. Tangi la dizeli "tupu" unalipima kwa pua? Mvuke wa mafuta unatakiwa usizidi asilimia 1 ya kile kiwango cha chini kinachoweza kushika moto, pua gani hiyo inajua asilimia 1.

Na huyo kijana wa nyuma ya bati apewe redio. Grainda ikilia, hata apige kelele mpaka sauti ikatike, fundi hasikii.