Kliniki ya meno ya kisasa: rangi mmeshachagua, maji je, yanapita wapi?

Mtu akitaka kufungua kliniki ya meno mabishano ni yale yale. Upande mmoja unasema anza na mapokezi, sofa, taa, rangi, mgonjwa akiingia asijisikie yuko hospitali. Upande wa pili, ambao kawaida ni fundi bomba na nesi mmoja mzoefu aliyekaa pembeni hajaulizwa kitu, unasema subirini kwanza, maji yanapita wapi na vyombo vichafu vinatokea mlango gani. Hawa wa pili huwa wanaonekana washamba, watu wasioelewa biashara. Mi leo nataka niwatetee, ila nianze na wale wa sofa maana wana hoja, tena sio ndogo.

Uoga wa meno upo kweli. Mtu anakaa na jino limetoboka miezi minane anatafunia upande mmoja, na sio kwamba hana hela wala hana muda, anaogopa ule mlio. Ile drili ya upepo iliyoingia sokoni mwaka 1957 inazunguka kama mara 300,000 hadi 400,000 kwa dakika, na sauti yake ukiisikia utotoni ndio basi tena, unazeeka nayo. Sasa mtu huyu umkalishe nusu saa kwenye benchi la chuma anamsikiliza mwenzake akichimbwa nyuma ya pazia, usishangae akijifanya anapokea simu akatoka mazima. Jino lisilofika kwenye kiti halitibiwi hata mabomba yawe ya dhahabu. Hapo nakubali kabisa.

Watu wa dizaini wanapenda pia kumtaja mtafiti Roger Ulrich, ambaye mwaka 1984 alichapisha utafiti wake kuhusu wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo, nusu yao dirisha la wodi linatazama miti, nusu linatazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka mapema, wastani siku 7.96 dhidi ya 8.70, na wakaomba dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Utafiti mzuri. Lakini hao ni watu waliolala wodini wiki nzima, sio mtu wa kukaa dakika kumi na tano macho kwenye simu, kwahiyo nikiona unatumika kuhalalisha ukuta wa majani ya plastiki pale mapokezi nacheka kidogo. Nitaurudia huu utafiti baadae.

Tuje kwenye maji sasa, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Kiti cha meno kinapeleka maji kwenye drili na kwenye kile kibomba cha kurushia maji kwa vimrija vyembamba sana, upana wake ni milimita chache tu. Usiku mzima na wikendi nzima maji yamesimama humo, ya uvuguvugu wa chumba. Unaujua ule utelezi unaoushika ukipitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa na maji siku nyingi? Basi ndio huo huo, sema kwenye mrija mwembamba ukuta ni mwingi na maji ni kidogo, kwahiyo utelezi, ambao ni bakteria walioganda ukutani, unatawala. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri maji ya matibabu ya kawaida ya meno yasizidi bakteria 500 kwa mililita, sawa na kiwango cha maji ya kunywa, na mrija usiotunzwa unaweza kuwa na laki na zaidi. Laki, kwa mililita moja, wanarushwa kwenye jino lililofunguliwa.

Mtu ataniambia hayo ni ya maabara, nani aliumwa? Mwaka 2011 huko Italia bibi wa miaka 82 alifariki kwa homa ya mapafu ya Legionella, na bakteria aliyekutwa kwake alilingana na yule wa kwenye maji ya kiti cha meno alikotibiwa. Mwaka 2015 jimbo la Georgia kule Marekani watoto zaidi ya 20, na mwaka uliofuata California zaidi ya 70, walipata maambukizi baada ya kusafishwa kiini cha meno ya utoto, bakteria akiwa wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, na akatoka kwenye maji ya viti. Wengine walifanyiwa upasuaji wa taya wakapoteza na meno ya ukubwani ambayo hata hayajaota. Mimi hilo la mwisho linanikaa kichwani. Mzazi kampeleka mtoto aokolewe jino ambalo lingeng'oka lenyewe, mtoto kapoteza lile la kudumu, na mapokezi huenda yalikuwa na samaki wazuri tu kwenye tangi.

Tatizo hili ni la usafi wa kila siku, sawa, dawa ya kuweka kwenye vile vimrija vya maji, kumwaga maji sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa, kupima. Lakini kuna sehemu yake inaamuliwa kwenye ramani. Kwa mfano kiti kitumie chupa yake chenyewe au kiungwe moja kwa moja na bomba la jengo? Chupa unaiona, unaijaza, unaitia dawa, bomba la jengo umelirithi na historia yake yote. Halafu kuna kitu wenye kliniki wanakiona kama akili sana: tuna viti viwili leo, tupitishe kabisa bomba la kiti cha tatu chini ya sakafu, tulizibe, tukipata hela tunaunga. Bomba hilo lililozibwa limejaa maji yaliyosimama mwaka, miaka miwili, na limeungana na bomba linalolisha viti viwili vinavyofanya kazi. Fundi mzuri ataweka koki pale bomba linapochepuka, kipande kibaki kikavu. Ni kazi ndogo kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo ni kuvunja vigae.

Chumba cha kusafishia vyombo nacho huwa kinapewa nafasi iliyobaki, yaani baada ya choo na stoo kugawiwa. Kumbe ndio kinachoamua utaona wagonjwa wangapi. Piga hesabu, viti vitatu, kila mgonjwa nusu saa, hao ni wagonjwa sita kwa saa, drili sita zimechafuka. Kuoshwa, kupakiwa na kuingia otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 134 zenyewe ni kama dakika tatu lakini ukijumlisha kupanda moto na kukauka, tuseme saa moja na nusu mzunguko mzima. Zinahitajika drili tisa ziko njiani na tatu ziko vitini, kumi na mbili, bila kuhesabu ya akiba. Kliniki inanunua nne na televisheni ya darini. Ikifika saa tano asubuhi wagonjwa wamejaa, mtu anachukua pamba na spiriti anapangusa, anaendelea. Sio kwamba ni mbaya, amebanwa na ramani. Na chumba kikiwa na sinki moja na meza moja, kichafu na kisafi vinakutana tu, hata uweke bango gani ukutani.

Kichekesho ni kwamba hata ule utulivu wanaoutafuta watu wa sofa unatoka huku huku nyuma. Niliwahi kukaa kwenye mapokezi mazuri mno, muziki laini, na kila dakika chache kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo wa drili, iliyofichwa kabatini, inanguruma ukuta mzima unatetemeka. Ingewekwa nje kwenye kibanda chake isingehitajika hata hiyo muziki. Na ile rangi ya machungwa iliyokolea inayopendeza kwenye picha, ikiwa kwenye chumba cha matibabu inamdanganya daktari macho anapochagua rangi ya jino la bandia, ndio maana wanaojua wanapaka kijivu hafifu huko.

Nikirudi kwa Ulrich. Mgonjwa anakaa kliniki saa moja, tena mara mbili kwa mwaka akijitahidi sana. Anayeshinda ndani ya jengo lile saa nane kila siku, kwenye joto la otoklevu, akisugua vyuma vyenye ncha kali na akitakiwa asikosee hata kimoja, ni yule nesi wa nyuma. Kama kuna mtu wa kupewa mti wa kuutazama ni yeye. Ramani nyingi nilizoziona chumba chake hakina dirisha. Dirisha lipo mapokezi, limezibwa na televisheni.