Kituo kizuri cha watoto utakijua saa ya uji

Mzazi wa Dar akitafuta kituo cha kulelea mtoto mchana, huuliza ada ni shilingi ngapi, kama wanafundisha Kiingereza, na gari linapita mtaa gani. Namwelewa. Hali ya mfuko naijua, na foleni za jiji hili nazijua. Ila majibu ya maswali hayo hayamwambii mwanawe ataishi vipi kuanzia asubuhi anapoachwa mpaka jioni anapofuatwa. Mimi ni mlezi, kazi hii naifanya Tabata, na ushauri wangu ni huu: kabla hujalipa, omba ukakae pale saa ya uji. Kaa pembeni, utazame.

Kwenye kituo kizuri utamkuta mlezi amekaa chini kwenye mkeka, uso wake usawa wa nyuso za watoto. Anaongea nao huku analisha: “Uji wa leo una karanga, unasikia harufu yake? Haya, nani anashika kikombe mwenyewe?” Mtoto akigeuza kichwa, mlezi anatua kijiko na kusubiri. Akimwaga, anafutwa na kazi inaendelea. Kwenye kituo kingine utamkuta mtoto amebanwa katikati ya magoti, pua imeshikwa ili mdomo ufunguke, kijiko kinaingia huku analia. Mambo haya yapo hata majumbani, na watu huyaona ya kawaida kwa kuwa mtoto “ameshiba”. Mtoto anayelia anavuta pumzi kwa nguvu, na uji unaweza kupita njia ya hewa. Hata akisalimika, kesho akikiona kikombe ataanza kulia kabla hujamfikia.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwenda hadi 2025/26. Imesimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hilo la katikati, malezi yenye mwitikio, halihitaji jengo jipya wala vifaa kutoka nje, na kwa maoni yangu ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Maana yake ni nyepesi. Mtoto akitoa sauti, unamwitikia. Akinyoosha kidole kwa kunguru, unamwambia “Eeh, kunguru yule, amekaa juu ya bati.” Akilia, unakwenda. Mtoto anayeitikiwa hivyo siku nzima anajifunza lugha na kuwaamini watu, na miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo wake unakua kwa kasi kubwa kupita wakati mwingine wowote.

Sasa nije kwenye geti la asubuhi, maana hapo ndipo roho huniuma zaidi. Mama ana haraka, anawahi mwendokasi kabla haujajaa. Mlezi anamchezesha mtoto, anamkonyeza mama: “Mama Aisha, kimbia, hajakuona!” Mama anachomoka. Mtoto anageuka, mama hayupo. Wote wawili walitaka kumwepusha na kilio, na nia yao ni njema kabisa. Alichokiona mtoto ni kwamba ukimpa mama kisogo, anapotea. Ndiyo maana wiki hiyo atamng'ang'ania hata akienda chooni, na usiku atashtuka kuangalia kama bado yupo.

Mtoto aagwe. Mama achuchumae, amwangalie, amwambie kwa ufupi: “Mama anakwenda kazini. Utakula, utalala, ukiamka utacheza, halafu mama anakuja.” Mtoto wa miaka miwili hajui saa kumi ni lini, lakini mpangilio wa siku yake anaujua vizuri: uji, mchezo, wali, usingizi, mama. Akishaaga aondoke kweli, asirudi dirishani kuchungulia. Mlezi ampokee mikononi na amwache alie kifuani kwake bila kumwambia “nyamaza” kila sekunde. Inasaidia sana kama anayempokea ni mtu yuleyule kila asubuhi, na kama mama ameacha kanga yake yenye harufu yake kwa ajili ya usingizi wa mchana. Kilio cha kuagwa huchukua siku kadhaa, kisha hupungua.

Kuhusu vitisho nitasema machache. “Ukilia namwita daktari akuchome sindano.” “Polisi huyo anakuja kukuchukua.” Siku mtoto huyo akipelekwa kliniki akiwa na homa, au akipotea sokoni akahitaji kumsogelea askari, tumeshamfundisha kuwakimbia. Na fimbo kwa mtoto wa miaka mitatu sioni hoja yoyote ya kuitetea, iwe ndogo, iwe ya kutishia tu.

Halafu kuna madaftari. Wazazi wanataka kuona maandishi, na wenye vituo wanawapa wanachotaka, kwa hiyo mtoto ambaye vidole vyake havijakomaa anashikishwa penseli ajaze ukurasa wa herufi moja. Mtoto huyo anahitaji kufinyanga unga uliokandwa, kumwaga maji kutoka kopo hadi kopo, kutenganisha vibanio vya nguo kwa rangi, kupanda, kuruka, kukimbia. Hapo ndipo mkono unapata nguvu ya kushika penseli atakapofika darasa la awali akiwa na miaka mitano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na asifungiwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa moja mfululizo. Kuhusu skrini, kabla hajatimiza miaka miwili haipendekezwi kabisa, na kuanzia hapo isizidi saa moja kwa siku. Kituo chenye katuni tangu asubuhi hadi jioni kimeshajibu swali lako.

Na Kiingereza? Mlezi asiyekimudu ataishia kwenye amri chache tu, kaa, nyamaza, simama, na mtoto atakosa mazungumzo kwa lugha zote mbili. Mwacheni aongee Kiswahili chake kizuri. Atege vitendawili, asimulie hadithi, awaulize watoto kwa nini sungura alikimbia. Mtoto mwenye maneno mengi ya lugha ya nyumbani ana pa kushikia akijifunza nyingine.

Usalama hapa kwetu una sura yake. Maji yakikatika kila mtu anajaza ndoo na madiaba, yanakaa wazi ukumbini. Kichwa cha mtoto anayeanza kutembea ni kizito kulinganisha na mwili wake. Akiinama kuchota kwa mkono anaweza kutumbukia na asiweze kujinyanyua, tena kimyakimya. Ndoo ifunikwe au ikae nyuma ya mlango unaofungwa. Mtoto mchanga alazwe chali, bila mito wala mablanketi mazito, na chumba kipitishe hewa, hasa joto la Januari na Februari. Na msione haya kuomba kuona cheti cha usajili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na maafisa ustawi wa jamii wako kwenye halmashauri zetu.

Lakini haya yote yanamhitaji mlezi mwenye nafasi ya kuyafanya. Mlezi mmoja mwenye watoto ishirini hawezi kutua kijiko akasubiri, hawezi kumpakata anayelia wakati wengine watatu wanahitaji kubadilishwa nepi. Kwa wachanga, kwa mtazamo wangu, mtu mmoja asizidishe watoto wanne. Wapo walezi wanaofanya kazi bila mkataba, wanaanza kabla jua halijachomoza na kumaliza pale mzazi wa mwisho aliyekwama kwenye foleni anapotokea, na hata salamu hawapati. Mtu aliyechoka hivyo atashika pua ya mtoto ili uji uishe upesi.

Kwa hiyo mzazi, ukiambiwa ada inapanda, uliza inapanda kwa ajili ya nini. Ikiwa ni sare mpya na michoro ya ukutani, bishana. Ikiwa ni kuongeza mlezi wa pili kwenye chumba cha wachanga, lipa, halafu nenda ukahakikishe yupo.